Kusoma upepo, kupapasa au kusikiliza kamba: kontrola ipi ya mtambo wa upepo uchukue?

Kusi ikianza kushika, simu zangu huwa za aina moja. Mtu amejenga Kimbiji, au ana banda la kuku Mbutu, nguzo ya TANESCO bado iko mbali, sola anayo tayari, na sasa amesikia kwamba mtambo wa upepo unachaji betri hata usiku. Kwanza anauliza bei ya mapanga. Kisha, kama ni mtu wa kufuatilia mambo, anauliza: "Fundi, nimeona kontrola tatu, zote zimeandikwa MPPT, ipi ni ipi?"

Swali zuri, maana herufi hizo nne, kifupi cha Kiingereza cha "kufuatilia kilele cha nguvu", hazisemi lolote kuhusu kilicho ndani ya boksi. Kontrola zote tatu zinaahidi kuchota wati nyingi kadiri upepo unavyoruhusu. Tofauti iko katika namna kila moja inavyojua kwamba imefika kileleni. Moja inapima upepo wenyewe. Ya pili inajaribu-jaribu. Ya tatu inatazama mapanga yanazunguka kwa kasi gani na kukisia upepo kutoka hapo. Kwa pwani yetu mimi nina ninayoipendelea, na sitaificha.

Wati zinazogombewa

Nguvu ya upepo inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, wati zinakuwa mara nane. Chukua mtambo wa kipenyo cha mita 2.4, saizi ambayo mafundi wengi wanaweza kuichonga kwa mbao. Hewa ya Dar, kwenye joto la nyuzi 30 na usawa wa bahari, ina uzito wa kama kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo, nyepesi kidogo kuliko ile 1.225 inayoandikwa vitabuni kwa nyuzi 15. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unapitisha ndani ya duara la mtambo huo wati 328 hivi.

Huwezi kuzichukua zote. Mjerumani Albert Betz alionyesha karne moja iliyopita kwamba hakuna panga litakalochota zaidi ya 16/27 ya nguvu hiyo, yaani asilimia 59.3, kwa sababu hewa lazima ibaki na mwendo wa kuondokea. Ukiisimamisha kabisa, hewa nyingine haina pa kupita. Mtambo mdogo uliochongwa vizuri unachukua kama asilimia 35. Hiyo ni wati 115 kwenye upepo wa mita 5, na wati 470 upepo ukifika mita 8.

Ila asilimia 35 hiyo ina sharti lake. Ncha ya panga lazima ikimbie mara kadhaa ya kasi ya upepo, na kwa mapanga matatu membamba ni kama mara 7. Yakizunguka polepole mno, hewa inapita katikati bila kufanya kazi na panga linapoteza mkamato wake. Yakizunguka kasi mno, duara zima linakuwa kama ukuta na upepo unalikwepa pembeni. Kwa mtambo wetu, upepo wa mita 5 unataka mizunguko 279 kwa dakika. Wa mita 8 unataka 446. Kazi ya kontrola ni kuongeza au kupunguza mzigo wa jenereta ili mapanga yafuate upepo katika uwiano huohuo, upande au ushuke.

Kutokuwa na kontrola ya kufuatilia kabisa

Hili nalo ni chaguo, na lisidharauliwe. Jenereta, daiodi, waya hadi kwenye betri, basi. Betri inashikilia volti, kwa hiyo na mapanga yanazunguka karibu kasi ileile muda wote, upepo uwe mdogo au mkubwa. Unakuwa kwenye kilele kwa kasi moja ya upepo, kwingine kote unapoteza. Lakini hakuna kinachoharibika, mradi umeweka ile kinga ya betri kujaa nitakayoieleza mbele. Kule Denmark, mtambo wa Gedser wa Johannes Juul, kilowati 200, uliojengwa mwaka 1957, ulizunguka kwa kasi karibu moja tu na ukafanya kazi kama miaka kumi. Aliyekuwa na laki chache na mwanga wa taa nne unaomtosha, mimi humwambia aanzie hapa.

Kusoma upepo

Njia hii inapendeza ukiisikia. Weka kipima upepo, vile vikombe vinavyozunguka, juu ya mlingoti. Kontrola inasoma kasi ya upepo, inazidisha kwa 7, inagawa kwa urefu wa panga, inapata kasi ambayo mapanga yanatakiwa kuzunguka, kisha inakaza au kulegeza mzigo hadi yafike. Hakuna kubahatisha, na upepo ukibadilika kontrola inajua papo hapo.

Shida ni kwamba kila kitu kimening'inizwa kwenye vile vikombe. Kipimo kikikosea asilimia 10, mapanga nayo yanapelekwa mbali na kilele kwa asilimia 10 hiyohiyo. Na vikombe vinapima nukta moja, wakati mapanga yanafagia mita za mraba 4.5. Ukiviweka nyuma ya mapanga, vinapima upepo ambao tayari umenyang'anywa nguvu. Ukiviweka pembeni, kuna mwelekeo wa upepo ambao mlingoti utavikinga.

Halafu kuna chumvi. Anayeishi Kigamboni upande wa bahari anajua bati linavyokula kutu na jinsi komeo la geti linavyogoma mwaka wa pili. Beringi za kipima upepo cha bei ya chini haziugui tofauti. Zinaanza kuwa nzito, vikombe vinazunguka polepole kuliko upepo, kontrola inaamini kwamba upepo umepungua, inayakaza mapanga, na wati zinashuka bila taa yoyote nyekundu kuwaka. Mteja anakwambia "siku hizi upepo hakuna". Upepo upo. Ni beringi.

Kama una bajeti ya kipima upepo kizuri kisicho na kitu kinachozunguka, na una mtu wa kupanda mlingoti kila miezi sita, njia hii ni sahihi. Wengi wa wanaonipigia simu hawana kimojawapo.

Kupapasa

Hapa ndipo nataka kukaa, kwa sababu ndiyo njia inayouzwa zaidi na ndiyo iliyonitia hasara.

Kontrola ya kupapasa haijui chochote kuhusu upepo wala mapanga. Inaongeza mzigo kidogo, inatazama wati. Zikipanda, inaendelea upande huohuo. Zikishuka, inageuka. Ni kama mtu anayetafuta kilele cha mlima gizani kwa kupapasa na mguu: hatua moja, je, nimepanda? Nyingine. Inafaa mtambo wowote na haihitaji sensa yoyote ya nje. Hata mapanga yakichakaa inatafuta kilele kipya yenyewe. Kwa hiyo ni rahisi, na wauzaji wanaipenda. Ndiyo pia inayokaa ndani ya chaji kontrola nyingi za sola.

Kwa sola inafanya kazi vizuri sana. Paneli haina uzito unaozunguka, na jua halibadiliki kila nusu sekunde. Mtambo wa upepo una mambo mawili yanayomdanganya mpapasaji.

La kwanza ni upepo wenyewe. Kontrola imeongeza mzigo, na sekunde hiyohiyo upepo umevuma. Wati zimepanda. Kontrola inajipongeza na kuendelea, ilhali hatua yake ilikuwa ya makosa. Mlima wenyewe unatikisika chini ya mguu wa anayeupanda.

La pili ni baya zaidi, na wachache hulisema dukani. Mapanga yanayozunguka ni kibubu cha nishati. Tuseme mapanga na sumaku za mtambo wetu vina inesha (ugumu wa kubadilishwa mwendo) ya 1.5 kwa kipimo cha kilo na mita za mraba. Kontrola ikiyakaza hadi yapunguze mwendo kutoka rediani 29 hadi 26 kwa sekunde (ndiyo mizunguko 279 kushuka kama 248 kwa dakika), kibubu kinamwaga jouli 120 na zaidi. Ikitokea ndani ya sekunde moja, hizo ni wati 120 za ziada kwenye waya, zaidi ya zile 115 za upepo. Kontrola inaona wati zimepanda karibu maradufu. Inafurahi. Inakaza tena. Inaona nyongeza tena, maana kibubu bado kina kitu. Hadi mapanga yanapoteza mkamato, na mtambo unazubaa ukizunguka polepole katikati ya upepo mzuri kabisa. Kontrola ilikuwa inakula mtaji ikidhani ni faida.

Dawa yake inajulikana: subiri mapanga yatulie kabla ya kuhukumu kila hatua. Ila ukisubiri sekunde tano au kumi kwa kila hatua, upepo umeshabadilika mara tatu. Hatua kubwa inafika haraka lakini inayumba huku na huku pale kileleni. Hatua ndogo haiyumbi lakini inachelewa. Kuna kontrola zinazobadilisha ukubwa wa hatua zenyewe, kubwa zikiwa mbali na ndogo zikikaribia, na hizo ni afadhali kweli. Wanafunzi wa DIT na Chuo Kikuu wanaofanya mradi wa mwisho wanaipenda njia hii kwa sababu kwenye kompyuta grafu inatoka safi. Wadogo zangu, jaribuni kuipa upepo wa kweli uliorekodiwa kila sekunde, badala ya ule wa ngazi, mita 6 kisha 8 kisha 7. Mtaona kilele kinavyokimbiwa.

Hasara yangu sasa. Mteja mmoja Kigamboni alikuwa na kontrola ya sola aliyoinunua Kariakoo, muuzaji akamhakikishia kwamba inapokea na upepo. Nilipaswa kukataa, nikafunga. Siku chache ilichaji. Kisha ikaja siku ya jua kali. Saa nane mchana betri zilijaa, Kusi ikawa imeamka, kontrola ikafanya ilivyofundishwa: ikakata. Paneli ikikatwa haina neno, inakaa juani. Mtambo ukikatiwa mzigo, hakuna kinachoyazuia mapanga. Tulisikia sauti kama ya helikopta, halafu ncha ya panga moja ikaenda kutua kwenye mnazi wa jirani. Hakuna aliyeumia. Tangu siku ile sifungi mtambo wowote bila hita ya kumwagia umeme wa ziada betri zikijaa, wala bila swichi ya breki inayounganisha nyaya tatu za jenereta pamoja.

Kusikiliza kamba

Mzee mmoja wa ngalawa pale Kunduchi, nilipomuuliza anajuaje wakati wa kukaza tanga, alinicheka. "Mwanangu, upepo unauona? Mimi nasikiliza kamba." Anaishika kamba ya tanga mkononi, na mvuto wake unamwambia kila kitu.

Njia ya tatu ni hiyo. Kama mapanga yako kwenye uwiano wao mzuri, kasi yao ya kuzunguka peke yake inakwambia upepo ni kiasi gani. Mizunguko 334 kwa dakika? Upepo ni mita 6. Mtambo wenyewe ndio kipima upepo, na ni kikubwa, kipenyo chake mita 2.4. Kontrola inapima mizunguko, jambo rahisi kwa kuwa inaisoma moja kwa moja kutoka kwenye mawimbi ya umeme wa jenereta, kisha inaiambia jenereta ipinge kwa nguvu ya msokoto inayolingana na mraba wa kasi hiyo. Msokoto ni K mara kasi mara kasi, na K ni namba moja maalumu ya mtambo huo. Basi.

Uzuri wake ni kwamba inajisawazisha bila kufikiri. Upepo ukipanda, nguvu inayosukuma mapanga inazidi msokoto wa jenereta, ziada inayaongezea mwendo, msokoto nao unapanda hadi vilingane tena, na mahali vinapolingana ndipo kilele kilipo. Upepo ukishuka, mambo yanakwenda kinyume. Hakuna kupapasa wala kibubu kinachoidanganya. Mitambo mikubwa nayo, ile inayobadilisha kasi, kwa kawaida inaendeshwa hivi upepo unapokuwa chini ya kiwango chake cha juu. Upepo ukizidi hapo mchezo unageuka, mapanga yanazungushwa kwenye mashina yake ili yamwage nguvu isiyotakiwa. Mitambo yetu midogo inafanya hivyo kwa mkia unaojikunja.

Siri yote iko kwenye K. Inatokana na uzito wa hewa, kipeo cha tano cha urefu wa panga na uhodari wa panga, kisha unagawa kwa kipeo cha tatu cha ule uwiano wa ncha. Kwa mtambo wetu inatoka 0.0046, ukipima msokoto kwa nyutoni-mita na kasi kwa rediani kwa sekunde. Angalia hivyo vipeo: panga likikatika ncha na fundi akayakata yote matatu yalingane, sentimita 10 tu kila moja, K inayotakiwa inashuka hadi asilimia 65 ya ile ya zamani. Ukiiacha ileile, jenereta inayakaba mapanga. Ukikadiria uwiano kuwa 6 wakati ni 7, K yako imezidi kwa zaidi ya nusu. Hewa ya Dar badala ya hewa ya vitabuni inaibadilisha kwa asilimia 5 au 6 tu, na kwa kuwa kilele chenyewe ni kipana kama kichuguu, hilo halitakuumiza.

Kama huna uhakika, punguza K. K ndogo inayaacha mapanga yakimbie kidogo zaidi, unapoteza wati chache na kusikia kelele kidogo. K kubwa inayasukuma upande wa kuzubaa, na huko kurudi ni kugumu.

Kasoro nyingine ni uzito. Mapanga mazito yanachelewa kuitikia, kwa hiyo upepo wa kushtukiza unapita kabla hayajapata mwendo. Kwa kipenyo cha mita 2 au 3 hili halisumbui sana.

Kuna kontrola ambazo badala ya K zina jedwali: kwa mizunguko hii, toa wati hizi. Kwenye menyu utakuta safu mbili za kujaza. Ni ndugu wa njia hii, na ndilo umbo utakalolikuta zaidi madukani. Kwa mtambo wa mfano wangu ungeanza na 279 kwa wati 115, 334 kwa wati 198, 446 kwa wati 470, halafu utoe hasara za jenereta, daiodi na waya, kwa sababu hizo ni wati za kwenye shafti.

Utasikia pia habari za kontrola zenye mantiki ya fazi (fuzzy logic) au mitandao ya neva. Zipo, zinafanya kazi maabara, na kwa mtambo wa kilowati moja juu ya banda la kuku sioni sababu ya kulipia.

Sasa, wewe wa Mbutu na wewe wa Sinza

Ukiwa na uwanja wazi unaotazama bahari, kuanzia Mjimwema kuteremka hadi Kimbiji, au Mbweni kule juu, chukua kontrola ya jedwali au ya K. Muulize muuzaji maswali mawili: je, naweza kubadilisha jedwali mwenyewe, na je, kuna pa kuunganisha hita ya kumwagia? Likikosekana jibu la pili, ondoka dukani.

Ukiwa na mapanga ya kuokoteza ambayo hakuna anayejua uwiano wake, kontrola ya kupapasa iliyotengenezwa kwa ajili ya upepo, siyo ya sola, inaweza kukufaa, na hasa kwa mapanga mepesi.

Wewe wa Sinza, mwenye paa kati ya ghorofa mbili, weka pesa yako kwenye paneli. Mlingoti unatakiwa upite angalau mita 9 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 150, na hapo kwako hilo haliwezekani. Upepo unaofika ni vipande vipande, na hakuna kontrola inayofuata kilele cha upepo uliochanika.

Kwa ninaowafungia siku hizi nachanganya. K inaongoza, sekunde kwa sekunde. Kisha kupapasa kunaigusa K yenyewe, polepole sana: siku moja K ya hesabu, siku ya pili imepunguzwa asilimia 10, siku ya tatu imeongezwa, narudia kwa wiki kadhaa za Kusi, halafu tena Kaskazi ikiingia. Hapa ndipo kile kipima upepo cha bei ya chini kinapopata kazi inayokifaa. Hakiongozi chochote, nakifunga kando, kipya, kwa wiki hizo tu, kinarekodi upepo. Kila siku nagawa saa-wati zilizoingia kwa jumla ya vipeo vya tatu vya kasi ya upepo, na siku yenye jibu kubwa ndiyo yenye K nzuri. Nikimaliza nakishusha, nakifuta chumvi, nakirudisha kwenye boksi.